Jezi Kumi na Moja Hazimo Guniani

5 Februari 1991

Mjomba, shikamoo.

Sisi wote tunapumua. Mama kasema nianze na hilo ili usishtuke ukiona bahasha. Goti lake la kushoto limetulia, ila hatulii yeye. Kila Jumamosi anafagia chumba chako na kukung'uta godoro kama vile unaingia kesho. Kaka amepata mtoto wa pili, wa kike, mwenye mapafu ya kushinda king'ora cha huko kiwandani kwenu. Kazini posta wamenitoa kaunta na kunirudisha chumba cha kupanga barua. Nasimama kutwa, lakini angalau sigombani tena na watu wanaotaka kutuma kuku hai kama kifurushi.

Haya, ya nyumbani yamekwisha. Sasa nina hasira, na nakuomba usome ukiwa umekaa.

Leo mazoezini wamekuja wanne. Uliniachia filimbi, gunia na daftari lenye majina ishirini na mawili, nami saa kumi kamili nilikuwa nimeshapanga makopo ya rangi mistari miwili kama ulivyonifundisha. Saa kumi na nusu nilikuwa na mapacha wa fundi cherehani, Miwani, na yule Bubu ambaye, kama unavyojua, hanyamazi hata akiwa na maji mdomoni. Nilipuliza filimbi mpaka mwenye duka la vipuri akatoka nje kuuliza kama kuna moto. Bubu akaniambia, "Kocha, usijali, sisi wanne tuko wengi kwa sababu mimi nahesabika mara mbili." Sikucheka. Alhamisi iliyopita walikuwa watatu.

Ungedhani timu imekufa, sivyo? Haijafa. Jumamosi, kwenye mechi, wakaja kumi na mmoja. Hawajaonekana mazoezini wiki tatu, lakini wameingia uwanjani mmoja mmoja, wametakata, kila mtu na jezi yake mgongoni imepigwa pasi kwao. Tukafungwa sita bila. Kufika mapumziko walikuwa wameshika viuno kama akina mama wajawazito. Filimbi ya mwisho ilipolia wakaondoka na jezi zao, hata kwaheri hakuna. Wanangu wanne waliofanya mazoezi walikaa benchi dakika tisini.

Kwa hiyo nina maswali mawili tu. Guniani mna jezi namba kumi na mbili mpaka kumi na nane. Moja mpaka kumi na moja hazimo. Kwa nini ziko majumbani kwao? Na siku ile ya mwisho, ulipokwisha kunikabidhi filimbi mbele ya watu na kuwapigisha makofi, uliwaita kumi na mmoja wale nyuma ya stoo, robo saa nzima, mimi nikihesabu mipira. Uliwaambia nini?

Nijibu upesi.

Mpwa wako.


14 Februari 1991

Mpwa wangu, Bibi Muhuri,

Marahaba. Nimefurahi mno na habari za mtoto. Mwambie kaka yako mtoto mwenye sauti hapotei sokoni. Mwambie dada apumzishe hilo goti, na godoro asilikung'ute peke yake, lile ni zito kuliko mimi.

Mimi sijambo. Hapa ni saruji asubuhi, saruji mchana. Ukipiga chafya unaweza kujenga ukuta. Nimepewa matanuri mawili niyaangalie na wasaidizi watatu, mmoja anajua kazi, wawili wanajua chai. Bwenini tunalala sita chumba kimoja na wote wanakoroma isipokuwa mimi, au ndivyo ninavyowaambia.

Sasa usivunjike moyo. Wanne si haba. Nakupa kazi ya wanne: tengeneza mraba kwa makopo, hatua kumi kila upande. Watatu wapigiane pasi, mmoja akae kati anyang'anye. Mguso mmoja tu. Anayepoteza anaingia kati. Dakika kumi, pumzika mbili, rudia. Halafu wawili kwa wawili na magoli madogo. Mchezaji katika wanne anagusa mpira mara mia, katika ishirini anagusa mara kumi. Miwani mwambie afunge miwani yake kwa mpira wa suruali, atazame mwenzake wala si miguu yake. Baada ya miezi miwili utaniambia.

Jezi ni jambo la sabuni tu. Yule dobi wetu alikuwa anazichubua rangi, nikaona kila mtu afue ya kwake. Usilikuze. Nyuma ya stoo niliwaaga, kijana kumuaga mzee wake si kesi. Mwezi wa nane mkataba ukiisha nitakuwa hapo, tutayanyoosha yote.

Mjomba wako.


4 Machi 1991

Mjomba, shikamoo.

Mama anakushukuru kwa salamu. Mtoto wa kaka amepata jina na homa siku moja, vyote vimepita salama. Bosi wangu amenunua feni ya chumba cha barua, sasa barua za wilaya nzima zinaruka sakafuni na tunaziokota kama mayai.

Barua yako imeandikwa tarehe kumi na nne. Muhuri wa huko unasema ishirini na tatu. Mjomba, mimi ni mtu wa posta. Usinipige chenga kwenye kiwanja changu. Siku tisa hiyo bahasha ilikaa mfukoni mwako, na mtu anayekaa na barua siku tisa ana jambo ndani yake linalomchoma.

Mraba wako unafanya kazi, sina choyo cha kusema. Miwani sasa ananyanyua kichwa. Mapacha wameacha kugombana wao kwa wao kwa sababu wamepata wa kugombana naye. Wa tano amekuja, Kobe, yule uliyesema ni mzito asahau mpira. Bado ni mzito, lakini akisimama mahali hapitwi, maana kuzunguka kwake kunachukua muda. Nilianza kuona raha. Kisha kila Jumamosi wanakuja wale waheshimiwa wako na pasi zao, wanacheza, tunafungwa, wanakwenda zao. Tumefungwa mechi nne. Nikijaribu kumwingiza Kobe, beki anakataa kutoka. Ananiambia, "Dada, namba hii ni yangu." Hajaniita kocha. Dada! Kama vile nauza maandazi.

Na sabuni! Nilikwenda kwa mama wa nahodha, nikamuuliza habari za kufua. Akanitazama kama mtu mwenye malaria. Alisema jezi ya mwanawe imetundikwa ukutani, chumbani, juu ya kitanda, na mdogo wake haruhusiwi kuigusa. Mtu hutundika ukutani nguo aliyopewa akafue?

Sasa hili ndilo lililonifanya nikose usingizi. Jumatano iliyopita, katika fungu la asubuhi, nilishika bahasha yenye mwandiko wako. Nikajua ni yangu. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya nahodha, kupitia sanduku la baba yake. Nilisimama nayo mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimeumwa. Nina miaka sita katika posta hii na sijafungua barua ya mtu, wala sitafungua. Niliitia kwenye kisanduku chake kwa mkono wangu huu. Lakini ujue kwamba nimeiona.

Ulimwandikia nini mtoto wa miaka kumi na sita ambacho huwezi kuniandikia mimi?

Mpwa wako.


20 Machi 1991

Mpwa wangu,

Marahaba. Nina haraka, tanuri moja limepasuka matofali ya ndani na tunalijenga upya, nakuandikia nikiwa nimesimama.

Nahodha ni kijana wangu tangu ana miaka tisa, kumsalimu si dhambi. Una hasira za marehemu bibi yako, na yeye alikuwa akikasirika hata jua linapochomoza. Punguza. Vijana wa umri ule hawataki kuvutwa, wanataka kungojwa. Wewe endelea na watano wako, Jumamosi waache wale wakubwa wacheze. Nikija nitapanga kila kitu.

Nimefurahi na Kobe. Mfundishe kuruka kwa mguu mmoja.

Mjomba.


16 Aprili 1991

Mjomba, shikamoo.

Shikamoo hii ni ya Mama aliyenifundisha adabu. Ningekuwa nimejilea mwenyewe usingeipata.

Nyumbani wazima. Haya.

Nahodha amesema. Sikumlazimisha. Nilimkuta anasubiri dawa ya baba yake pale kwenye zahanati, tukakaa benchi moja nusu saa, na mtu akikaa benchi la zahanati hana mahali pa kukimbilia. Nilimuuliza mbona haji mazoezini. Akanijibu kwa upole kabisa, kama anayemweleza mgeni njia: "Nije kufanya nini? Mimi nina namba."

Kumbe ndivyo. Kumbe nyuma ya stoo uliwapanga mstari, ukamvisha kila mmoja jezi kwa mikono yako, ukasema, "Namba hii ni yako mpaka nitakaporudi, asije mtu akakuvua." Kumi na mmoja, mmoja mmoja. Na mimi upande wa pili wa ukuta nahesabu mipira! Kwa hiyo wenye jezi hawaji kwa sababu wana namba hata wakilala mwezi mzima. Na wale sita wengine walio daftarini hawaji kwa sababu wanajua hata wakifa uwanjani hawatapata. Wanaokuja ni watano tu, mapacha, Miwani, Bubu na Kobe, watoto wasiokuwa na faida yoyote ya kuja, wanakuja kwa kupenda mpira. Umenivisha kilemba cha ukoka mbele ya mtaa mzima. Umenipa filimbi, timu umeiacha kwako.

Miezi mitatu nimejilaumu, Mjomba. Nilidhani sauti yangu ndogo. Nilidhani nafundisha vibaya. Nilikwenda mlango kwa mlango kubembeleza wazazi, nikaambiwa mtoto ana masomo, mtoto ana kifua, mtoto amekwenda kwa shangazi. Na wewe unaniandikia habari za mraba na mpira wa suruali, ukijua. Ulijua kila sentensi uliyoandika.

Na ile bahasha. Nahodha alinisomea kwa kichwa, ameikariri. Uliandika, "Jumamosi ndiyo muhimu. Huyo dada mvumilieni." Mvumilieni! Mimi ni mvua? Mimi ni jino bovu? Miaka sita nimekubebea mipira, nimekuandikia daftari, nimewafunga watoto wa watu vidonda, halafu mimi ni kitu cha kuvumiliwa.

Basi nimetunga sheria. Nimeiandika kwa kalamu nene na kuibandika mlangoni pa stoo: ASIYEFANYA MAZOEZI HACHEZI. Nahodha na namba zote. Jumamosi wamekuja kumi na mmoja wako, nikawaambia wakae nje ya mstari. Walidhani natania. Nilikuwa na watano, na mmoja wa wale sita aliyesikia habari akaja mbio na viatu vya shule, jumla sita. Mwamuzi akahesabu, akasema chini ya saba hakuna mechi, akawapa wapinzani ushindi. Katibu wa ligi amenikumbusha kanuni: tukishindwa kufikisha saba mara tatu, timu inafutwa na uwanja wanapewa wengine. Hiyo ni moja.

Nakuomba kitu kimoja, na ni chepesi. Waandikie mstari mmoja: "Namba si za mtu. Mtiini kocha." Sahihi yako chini. Wote kumi na mmoja watakuwa uwanjani Jumanne itakayofuata. Mstari mmoja, Mjomba. Stempu nitakutumia mimi.

Mpwa wako, anayevumiliwa.


29 Aprili 1991

Mpwa,

Marahaba.

Nimesoma barua yako mara mbili na sikupenda lugha. Mimi ni ndugu wa mama yako, tumbo moja. Kuna maneno mtu hamwandikii mjomba wake hata akiwa amekasirika.

Timu hiyo niliianzisha na mpira wa matambara, wewe ulikuwa unanyonya kidole. Niliwapa ahadi vijana wale na mimi ahadi yangu sirudishi nyuma. Usingenielewa ukiwa umekaa hapo. Kuna timu ya mtaa wa pili inayowatamani kila siku. Ahadi ndiyo iliyowashika wasiende.

Bandua hilo karatasi mlangoni. Jumamosi wape wenye jezi wacheze. Ukiifuta timu yangu kwa ukaidi wako, nikirudi mwezi wa nane tutaonana ana kwa ana, na haitakuwa kwa maandishi.

Msalimu dada. Mwambie natumia ile dawa ya kifua aliyonipa.

Mjomba wako.


13 Mei 1991

Mjomba, shikamoo.

Mama amesalimika na amesalimiwa. Kaka anakuomba ushauri wa kujenga choo cha nyuma, nimemwambia aandike mwenyewe.

Karatasi sikubandua. Mvua iliinyeshea, nikaandika nyingine.

Tarehe ishirini na saba, maana sasa ligi inacheza wiki moja na kupumzika moja, tulishindwa tena. Walikuja sita, pacha mmoja akatapika wakati wa kunyoosha viungo, tukabaki watano. Mara ya pili hiyo. Wenye jezi walikuwa ng'ambo ya mstari wamekaa juu ya baiskeli zao, wanacheka. Baba mmoja akanifuata akaniambia mwanawe ni mshambuliaji wa kuzaliwa na mimi ni mtu wa kupiga mihuri. Nikamwambia ndiyo, na muhuri haupigwi kwa barua isiyoletwa. Akaenda. Nilirudi nyumbani nikafua mapazia yote kwa hasira, Mama akaniacha tu.

Kisha Jumamosi hii, tarehe kumi na moja. Ya tatu. Saa tisa na nusu nilikuwa na watano. Mwamuzi anatazama saa. Katibu wa ligi amekuja mwenyewe na faili lake, amelifungua kabisa kwenye ukurasa wetu. Nahodha wako akanijia akasema, "Kocha," Mjomba, aliniita kocha, "acha tuingie wawili tu, mimi na beki, timu isife." Nilimtazama. Alikuwa na machozi. Unafikiri sikutaka? Nilitaka mpaka meno yaliniuma. Nikamuuliza, "Jumanne ulikuwa wapi?" Akatazama baiskeli yake. Nikamwambia basi, kaa. Sitasahau hilo, na sitasahau kwamba ni wewe uliyenifanya nimwambie.

Wa sita akaja na viatu vyake vya shule. Zikabaki dakika nne. Bubu akapanda juu ya ukuta wa duka la vipuri akaanza kutangaza kama redio: anakuja, anakuja, hapana ni muuza maji, anakuja! Wa saba alikuwa kijana mmoja wa wale sita uliowakatia tamaa, mwanafunzi wa fundi bomba, amekuja mazoezi mara nne, amechelewa kwa sababu bomba la mtu lilipasuka. Alikuja amelowa mpaka magotini na spana mfuko wa nyuma.

Saba. Kumi na mbili, kumi na tatu, mpaka kumi na nane, jezi zote za guniani, hakuna iliyobaki. Kobe golini, akavaa juu sweta langu la kazini, lile lenye nembo ya posta, ili mwamuzi amtofautishe. Tulicheza saba kwa kumi na mmoja dakika tisini. Tulifungwa tano. Tukafunga moja, Miwani, kwa mguso mmoja bila kutazama chini. Pacha mkubwa alilala chali katikati ya uwanja mpira ulipoisha na hakuna aliyeweza kumnyanyua. Katibu akafunga faili. Timu ipo.

Nilidhani hasira zitanitoka. Hazijatoka, kwa sababu ya bahasha yako ya mwisho.

Nyuma yake umeandika anuani mpya. Zamani barua zako zilipitia kampuni, bweni namba nne. Sasa una sanduku la posta lako, kwa jina lako. Mimi nimewajazia watu fomu za sanduku miaka mitatu pale kaunta. Fomu inauliza unakaa hapo kwa muda gani, na mtu wa kupita hapewi, anaambiwa aendelee kupokelea kazini. Mwenye mkataba unaoisha mwezi wa nane hawezi kupewa sanduku mwezi wa nne.

Hurudi, Mjomba.

Ndiyo maana huwezi kuandika ule mstari mmoja. Ukiwaambia namba si zao, itabidi uwaambie kwa nini ahadi imekwisha. "Mpaka nitakaporudi." Umewapa watoto kumi na mmoja namba za kudumu na mama yangu chumba cha kufagia, na mimi umenipa kazi ya kulinda vyote viwili. Niambie kwamba nimekosea. Nitakuomba radhi kwa magoti.

Mpwa wako.


10 Juni 1991

Mpwa wangu,

Marahaba, kama bado nastahili.

Hujakosea. Muhuri wa bahasha utakuonyesha nimeituma siku hiihii, sina haja ya kukuficha tena.

Wamenipa usimamizi wa matanuri yote, kazi ya kudumu, na nyumba ya vyumba viwili. Nilitia sahihi wiki mbili kabla ya kuondoka. Nilitaka kumwambia dada mezani ile jioni ya kuagana, nikashindwa. Yeye ndiye aliyenilea, aliacha shule kwa ajili yangu, na alikuwa ananipakulia huku anahesabu miezi kwa vidole. Sikuweza kumkatiza.

Na vijana. Nilijua nikisema sirudi, mtaa wa pili utawabeba wote kabla gari halijawaka. Nikaona jezi itawafunga. Na wewe, nikuambie kweli, sikuamini kwamba vijana wenye ndevu watakusikiliza. Nilifikiri mazoezi yatakufia mikononi na Jumamosi angalau kutakuwa na timu. Kumbe nimeyaua mimi. Nilisoma habari za wale saba, nikatoka nje ya nyumba nikasimama uani kama mjinga.

Kuna jambo jingine afadhali ulisikie kwangu. Hapa kiwandani wameniomba nifundishe vijana wa wafanyakazi. Wanakuja thelathini kila siku. Sifurahi. Nahesabu thelathini na ninaona wanne wako.

Ndani mna bahasha mbili zilizofungwa. Moja ni ya dada. Nyingine ni ya vijana, uisome uwanjani. Nimewaambia sirudi, namba si za mtu, wewe ndiye kocha. Sikuwaambia nilitia sahihi lini. Nakuomba hilo libaki letu wawili. Waachie kidogo cha kuheshimu kwa mzee wao.

Nisamehe.

Mjomba wako.


26 Juni 1991

Mjomba, shikamoo.

Mama nilimpa bahasha yake ikiwa imefungwa. Alisoma peke yake mlangoni, penye mwanga. Kisha akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Hajakutaja kwa jema wala kwa baya, na mimi sitakuandikia anavyofikiri. Muulize.

Barua ya vijana niliisoma jana saa kumi. Habari zilikuwa zimevuja kwamba kuna barua yako, kwa hiyo walikuja wote. Ishirini na wawili, Mjomba. Tangu mwezi wa kwanza sijawahi kuona watu wengi hivyo mbele ya makopo yangu, na hawakuja kwa ajili yangu. Walikuja kwa ajili yako. Nilisoma polepole. Bubu alinyamaza mpaka mwisho.

Beki alivua jezi akaitupa chini, na wengine watatu wakafuata. Niliwaambia waziokote, gunia liko pale. Waliziokota. Wengine wakasimama tu hawajui waweke wapi mikono. Wanane walibaki kufanya mazoezi pamoja na wangu. Leo sijui watakuja wangapi na sitakutumia hesabu tena.

Nahodha hakuvua wala hakutupa. Alingoja watu watawanyike, akanifuata stoo, akauliza kitu kimoja. "Siku ile anatuvisha jezi, alikuwa anajua harudi?"

Alikuwa ameishika jezi kwa vidole viwili hapa kifuani, ananitazama usoni. Ana miaka kumi na sita. Alikataa nafasi mtaa wa pili mara mbili kwa ajili ya ahadi yako, aliniambia mwenyewe, na pale wangempa viatu.

Nikamwambia, "Sijui."

Alijua kwamba nadanganya. Niliona. Aliitikia kwa kichwa, akakunja jezi vizuri sana, akaiweka juu ya gunia, si ndani, akaondoka. Miezi mitano kijana yule alinidharau na sikuwahi kumwogopa. Jana nilishindwa kumtazama mgongoni.

Umeniomba nikuwekee siri, nimekuwekea, kwa mara moja. Sifanyi tena. Mwandikie. Si timu, yeye, kwa jina lake, na umwambie kwamba ulijua. Barua hiyo itafika kwangu kwanza, kama zinavyofika zote. Nitaitambua kwa mwandiko, nami nitaiweka kwenye sanduku la baba yake bila kuifungua.

Mpaka nitakapoishika, usiniandikie mimi.

Mpwa wako.